Kucha za Paka na Kuta za Nyumba: Uchambuzi wa Tabia, Mahali na Malezi

Kuparura, yaani kitendo cha paka kukita kucha kwenye kitu na kuzivuta kuelekea mwilini, ni moja kati ya tabia zinazomgombanisha mnyama huyu na wenye nyumba, na ugomvi huo huwa mkubwa zaidi ukutani, kwa sababu rangi iliyobanduka na lipu iliyochimbika haziwezi kugeuzwa zikafichwa kama zulia. Mfugaji anayetafuta ufumbuzi kwa kawaida huuliza namna ya kumkomesha paka wake, na majibu anayopewa huwa orodha ya vitisho na vizuizi: maji, pilipili, ndala, au kumfungia nje usiku kucha. Hoja kuu ya uchambuzi huu ni kwamba kuparura ni hitaji la mwili na la mawasiliano ambalo paka mwenye afya hawezi kuliacha, kwa hiyo linalowezekana, na ndilo linalofaa, ni kulihamishia mahali pengine. Na ili uhamisho huo ufaulu, ukuta ulioharibiwa hauna budi kusomwa kwanza kama ushahidi, kwa kuwa kimo cha mikwaruzo, mahali ilipo na aina ya uso ulioparurwa hueleza ni kitu gani hasa paka alikuwa akikitafuta.

Umbo la ukucha na urithi wa porini

Paka wa nyumbani, ambaye wanasayansi humwita Felis catus, ametokana na paka-mwitu wa Afrika, Felis lybica, mnyama anayeishi hadi leo katika nyika na vichaka vya Afrika Mashariki na anayefanana sana na paka wa kawaida wa vijijini. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 na Carlos Driscoll pamoja na wenzake, waliolinganisha sampuli 979 za paka wa nyumbani na wa mwituni, ulionyesha kwamba nasaba ya paka wa nyumbani inarudi kwa paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu. Na kaburi lililofukuliwa katika kisiwa cha Cyprus, ambamo paka alizikwa karibu na binadamu yapata miaka 9,500 iliyopita, linaonyesha jinsi ujirani huo ulivyo wa kale. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya muda huo paka hakuzalishwa kwa kuchaguliwa tabia kama walivyochaguliwa mbwa, ng'ombe na mbuzi. Alisogelea maghala ya nafaka kwa sababu ya panya, akaachwa aendelee kuwinda na kujitafutia wenzi, na matokeo yake ni kwamba kucha zake na mwenendo unaoandamana nazo zimebaki karibu kama zilivyokuwa porini.

Paka ana kucha 18, tano katika kila mguu wa mbele na nne katika kila mguu wa nyuma. Kila ukucha umeota juu ya pingili ya mwisho ya kidole, yaani kimfupa cha nchani, na paka anapotulia, ukanda mnyumbufu huishikilia pingili hiyo nyuma ili ncha ya ukucha isiguse ardhi ikachakaa. Anapotaka kuutumia, msuli wa mguu hujikaza, ukano unaopita chini ya kidole huvutika, na ukucha hutokeza. Ukucha wenyewe umeundwa kwa matabaka ya keratini, ile protini ngumu inayounda pia nywele na pembe, na matabaka hayo hukua kutoka ndani kwenda nje, hivi kwamba la nje likizeeka hubaki kama ganda lililokufa linalofunika ukucha mpya ulio mkali. Ni muhimu kulielewa umbo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini paka hawezi kuzuiwa kuparura bila kudhurika, na ndilo litakalotumika baadaye kupima suluhisho moja linalotangazwa kuwa rahisi ilhali ni ukatili.

Kazi tatu za kuparura

Kazi ya kwanza ni kutunza ukucha. Paka akikita kucha kwenye kitu kinachoshika na kuvuta, lile ganda la nje hupasuka na kuanguka, na ndiyo maana vipande vyembamba vilivyopinda huokotwa chini ya ukuta ulioparurwa. Ganda lisipotoka, ukucha hunenepa, hupinda na kunasa kwenye nguo na mazulia. Kwa paka mzee asiyejinyoosha tena unaweza hata kuzunguka na kuchoma kitanga cha mguu.

Kazi ya pili ni kuunyoosha mwili. Paka anayeparura ukuta husimama kwa miguu ya nyuma, hufikisha ile ya mbele juu kadiri awezavyo, kisha huvuta kwa uzito wake wote, hivyo misuli ya mabega, ya mgongo na ya miguu hukazwa na kulegezwa kwa pamoja. Ndiyo maana tabia hii huonekana sana mara tu anapoamka, na ndiyo maana kitu kifupi au kinachoyumba hakimtoshelezi, kwa kuwa hakimpi nafasi ya kujinyoosha wala ukinzani wa kuvutana nao.

Kazi ya tatu, ambayo wafugaji wengi hawaifahamu, ni mawasiliano. Katikati ya vidole vya paka mna tezi zinazotoa kemikali ziitwazo feromoni, yaani harufu ambazo mnyama huziacha ili zisomwe na wanyama wa jamii yake, na kila anapoparura huacha ujumbe wa aina mbili kwa wakati mmoja: mikwaruzo inayoonekana kwa macho na harufu inayonuswa kwa karibu. Ujumbe huo hutangaza kwamba mahali hapo pana mwenyewe, na humtuliza paka mwenyewe kwa kumhakikishia kuwa yuko katika eneo analolijua. Kwa kuwa harufu hufifia kadiri siku zinavyopita, paka hurudi palepale kuihuisha, na hapa ndipo penye maelezo ya jambo linalowakera wenye nyumba kuliko yote, yaani ukuta uliopakwa rangi upya kuparurwa tena mahali palepale.

Kwa nini ukuta huchaguliwa

Ukitazamwa kwa kazi hizo tatu, ukuta una karibu kila sifa anayoihitaji paka, kwa kuwa hautikisiki, unampita kimo, na unapatikana katika kila chumba anamoishi. Kinachoamua kama utaparurwa au utaachwa ni uso wake. Ukuta wa vigae, wa saruji iliyosuguliwa au uliopakwa rangi ya mafuta haushiki ukucha, na paka huupita. Lakini lipu ya mchanga iliyoachwa na chembechembe, rangi ya maji iliyobanduka kwa unyevu, ubao wa jipsamu na karatasi za kupamba ukuta hushika vizuri na hutoa sauti na mabaki yanayomridhisha mparuraji. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu, ambako paka ni wengi na nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa chokaa, ukuta ni laini kuliko saruji, hivyo ukucha huzama kwa urahisi na kila mkwaruzo huufanya uso ushike zaidi ukucha unaofuata. Mikwaruzo ya kuta za namna hiyo haifai kuzibwa kwa saruji, kwa sababu saruji huuzuia unyevu kutoka ndani ya matumbawe na mwishowe hubandua sehemu kubwa kuliko ile iliyoharibiwa na paka. Chokaa huzibwa kwa chokaa. Katika nyumba za miti na udongo, udongo wenyewe na fito zinapojitokeza humvutia paka kwa sababu hiyohiyo ya kushika ukucha.

Mahali palipoparurwa panaeleza mengi kuliko uso peke yake. Mikwaruzo iliyo karibu na mahali pa kulala, kwenye kimo cha paka aliyejinyoosha, kwa kawaida ni ya kujiamsha na kutunza kucha. Mikwaruzo kwenye pembe za ukuta, kando ya milango na katika njia zinazopitwa sana ni ya matangazo, kwa kuwa paka huweka ujumbe wake mahali utakaposomwa, si mafichoni. Mikwaruzo iliyokusanyika karibu na dirisha au mlango wa nje mara nyingi humaanisha kwamba kuna paka mwingine anayepita au kulala upande wa pili, na kwamba paka wa ndani anaimarisha mpaka wake.

Kuna pia aina tatu za mikwaruzo ambazo hufanana na kuparura lakini hutokana na mambo mengine, na mfugaji asiyezitenga hupoteza juhudi zake bure. Ya kwanza ni ya kuwinda: mijusi kafiri na wadudu wanaovutwa na taa humfanya paka aruke na kukwangua ukuta usiku, na alama zake huwa za juu, zimetawanyika na zimekaribiana na taa, hivyo dawa yake ni kuhamisha au kuzima taa hiyo na kuondoa rafu au meza anayorukia. Ya pili ni ya kufukia kinyesi: paka anayejisaidia katika beseni dogo lenye mchanga haba hukwangua ukuta ulio jirani kwa vitanga huku kucha zikiwa zimetokeza kidogo tu, naye huacha akipewa beseni kubwa zaidi, mchanga wa kutosha na usafi wa kila siku. Ya tatu ni ya kuomba: paka aliyefungiwa hukwangua ukuta na mlango kwa sababu amejifunza kwamba akipiga kelele hiyo hufunguliwa, na kila anapofunguliwa akiwa anakwangua ndipo somo hilo linapozidi kukomaa.

Kwa nini adhabu haifaulu

Sayansi ya kujifunza kwa wanyama ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya paka wenyewe. Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha tasnifu yake kuhusu majaribio ambamo aliwafungia paka katika masanduku yenye vitasa vya kufungulia kutoka ndani, chakula kikiwa nje, akapima muda waliotumia kutoka. Paka hakuwa akigundua siri ya kitasa kwa mara moja. Muda ulipungua kidogo kidogo kadiri vitendo visivyo na faida vilivyokufa na kile kilichofungua mlango kilivyoimarika. Kutokana na hayo Thorndike aliunda kanuni ya matokeo, inayosema kwamba kitendo kinachofuatwa na ridhaa huelekea kurudiwa na kile kinachofuatwa na karaha huelekea kupungua.

Kanuni hiyo ikitumiwa kwa uangalifu inaonyesha udhaifu wa fimbo na maji. Kuparura kunajilipa kwenyewe papo hapo, kwa kuwa ganda la ukucha limetoka, mgongo umenyooka na harufu imewekwa. Adhabu nayo huja mara chache, mara nyingi kwa kuchelewa, na huja pale tu mwenye nyumba anapokuwapo. Kwa hiyo paka anachounganisha na karaha ni mtu, wala si ukuta, na anachojifunza ni kuparura mtu huyo akiwa hayupo. Paka anayepigwa au kumwagiwa maji pia huingiwa na wasiwasi, na kwa kuwa kuweka alama za harufu ni njia yake ya kujituliza, adhabu inaweza kuongeza kuparura kulekule ilikokusudiwa kukomesha.

Jambo hili lina upande wa kisheria na wa kimaadili vilevile. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, ambayo ni Sura ya 360 ya sheria zake, na zote mbili zinakataza kumpiga na kumtesa mnyama anayefugwa. Katika jamii za Waislamu wa pwani paka hahesabiwi kuwa najisi, hivyo huachwa kuzunguka vyumbani, na hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula inafahamika sana katika mafunzo ya dini. Mila na sheria zinakutana hapa katika jambo moja: aliyemwingiza paka nyumbani ndiye mwenye wajibu wa kuyatimiza mahitaji yake.

Kumpa paka mahali pake

Msingi wa ufumbuzi ni kumpa paka kitu cha kuparura kinachomvutia kuliko ukuta, na sifa za kitu hicho zimechunguzwa kwa kiasi cha kutosha kuweza kutoa mwongozo. Uchunguzi wa wamiliki wa paka uliochapishwa mwaka 2016 na Colleen Wilson na wenzake ulionyesha kwamba paka walitumia zaidi nguzo zilizosimama wima, zenye kimo cha kama sentimita 90 au zaidi, na zilizofungwa kamba, huku paka wenye umri mkubwa wakielekea zaidi kwenye zulia. Pia wale waliotuzwa walipotumia nguzo waliitumia mara nyingi zaidi kuliko wasiotuzwa. Kimo hicho kinaafikiana na kazi ya kujinyoosha, kwa sababu paka mkubwa aliyesimama kwa miguu ya nyuma hufika karibu na kiwango hicho.

Kamba inayotumika zaidi duniani kwa kazi hii ni ya katani, nyuzi za mkonge, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana nafasi ambayo wengine wanainunua kwa bei. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na kutokana na hiyo kilikua kilimo kilichoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani, uzalishaji wake ukifikia kama tani 230,000 mwaka 1964. Unyuzi huu unamfaa paka kwa sababu ni mgumu kiasi cha kushika ukucha, unachanika polepole na kuacha alama zinazoonekana, na unahifadhi harufu. Nguzo ya kuparuria inaweza kutengenezwa na seremala yeyote kwa gogo au bomba nene lililosimikwa juu ya ubao mzito na kuzungushiwa kamba hiyo kwa kubana sana, mzunguko juu ya mzunguko. Gogo lenye gome gumu au gunia la katani lililopigiliwa kwenye ubao hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Sharti lisilovunjwa ni uimara, kwa kuwa nguzo ikimwangukia paka mara moja anaweza asiisogelee tena. Paka wengine hupenda kuparura chini kuliko wima, na hawa hupewa boksi la karatasi ngumu lililolazwa au kipande cha mkeka mnene, jambo ambalo hujulikana kwa kutazama kama mikwaruzo ya nyumbani iko ukutani tu au iko pia sakafuni.

Mahali pa kuiweka nguzo pana uzito kuliko umbo lake. Kosa la kawaida ni kuificha katika pembe ya ua au stoo ili isiharibu sura ya sebule, wakati paka anatafuta mahali panapoonekana. Nguzo inapaswa kuwekwa mbele ya sehemu ileile iliyoparurwa, iguse ukuta au iukaribie sana, na nyingine iwekwe jirani na anapolala. Paka akiisogelea, akiinusa au akiiparura, apewe papo hapo, ndani ya sekunde chache, kipande cha dagaa au kitu kingine anachokipenda, ili kanuni ya matokeo ifanye kazi upande wa mwenye nyumba. Kumkamata miguu na kumsuguza kwenye nguzo hakusaidii, kwa sababu kushikwa kwenyewe ni karaha. Kuchezea kamba au unyoya juu ya nguzo humfanya aikite kucha kwa hiari yake. Baada ya wiki kadhaa za matumizi thabiti nguzo inaweza kusogezwa, kidogo kidogo kila siku, hadi mahali panapowafaa wenye nyumba. Wala nguzo iliyochakaa isitupwe haraka, kwa kuwa nyuzi zilizochanika na harufu iliyojaa ndivyo vinavyomrudisha. Mpya ikihitajika, iwekwe kwanza kando ya ile ya zamani.

Kuulinda ukuta bila kumdhuru paka

Wakati nguzo inazoeleka, ukuta unahitaji kuondolewa mvuto wake, na hapa kanuni ni kubadilisha uso badala ya kumtisha mnyama. Sehemu iliyoparurwa husafishwa kwanza kwa sabuni na maji ili kupunguza harufu iliyobaki, kisha hufunikwa kwa kitu laini kisichoshika ukucha, kama karatasi nzito ya nailoni, ubao uliopigwa vanishi au fanicha iliyosukumwa mbele yake. Kwa anayejenga au kukarabati, mita moja ya chini ya ukuta, ambayo ndiyo inayofikiwa na kucha, inaweza kupigwa lipu laini na rangi ya mafuta au kubandikwa vigae, mtindo ambao tayari unatumika katika nyumba nyingi kwa ajili ya kuzuia uchafu. Mpangaji asiyeruhusiwa kubadilisha ukuta anaweza kutegemea vifuniko vinavyoondolewa na kuzidisha idadi ya nguzo, na mazungumzo ya mapema na mwenye nyumba kuhusu ukarabati huokoa ugomvi wa siku ya kuhama.

Hatari kubwa ya sehemu hii iko katika harufu za kufukuzia. Ni kweli kwamba paka wengi hawapendi harufu ya machungwa na ndimu, na maganda yaliyowekwa chini ya ukuta kwa siku chache hayana madhara makubwa, ingawa nguvu yake ni ndogo na huisha upesi. Mafuta ya mimea yaliyokolezwa ni jambo jingine kabisa. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini, kinachohitajika ili kuzifunga kemikali za jamii ya fenoli zipate kutolewa nje, kwa hiyo dozi ambayo mtu au mbwa angeimudu inaweza kumlemea paka. Mafuta ya karafuu, yanayopatikana kwa urahisi Unguja na Pemba, yana eujenoli kwa wingi, ambayo ni ya jamii hiyohiyo. Paka hahitaji kuyanywa, kwa kuwa hukanyaga palipopakwa kisha hulamba vitanga vyake. Dawa za kuua vijidudu zenye fenoli na vidonge vya nondo vya nafthalini vina hatari ya namna hiyo, na unga wa pilipili huingia machoni na puani na kumtesa mnyama bila kumwonyesha mahali mbadala. Hakuna ukuta unaostahili kulindwa kwa vitu hivi.

Kukata ncha, na mpaka usiovukwa

Kupunguza ncha za kucha kila baada ya wiki mbili au tatu hupunguza madhara ya kila mparuro, ingawa hakuondoi haja ya kuparura. Kitanga hubinywa taratibu hadi ukucha utokeze, sehemu ya waridi iliyo ndani yake, yenye mishipa ya damu na ya fahamu, hutazamwa kwenye mwanga, na ile ncha nyembamba tu iliyo mbele yake ndiyo inayokatwa. Paka azoeshwe kushikwa vidole tangu akiwa mdogo, kucha chache kwa kila kikao, na tuzo ifuate. Paka anayetoka nje, hasa penye mbwa, anahitaji kucha zake ili kupanda na kujiokoa, hivyo kwake juhudi zielekezwe zaidi kwenye nguzo kuliko kwenye mkasi. Mtu akiparurwa au kuumwa na paka asiyechanjwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Na viroboto vidhibitiwe, kwa kuwa kinyesi chao chini ya kucha ndicho hubeba bakteria wa homa inayotokana na mikwaruzo ya paka.

Mpaka usiovukwa ni upasuaji wa kung'oa kucha, uliozoeleka kwa miongo mingi Marekani na Kanada. Kwa kuwa ukucha huota kutoka kwenye pingili ya mwisho, haung'oki bila kuota tena mpaka pingili yenyewe ikatwe, kwa hiyo upasuaji huo ni ukataji wa ncha za vidole. Miongoni mwa madhara yake yaliyoandikwa na matabibu ni maumivu ya mgongo na ya vitanga, kukataa kujisaidia kwenye mchanga na kuuma, kwa kuwa mnyama aliyenyimwa kucha hubaki na meno. Mkataba wa Ulaya wa Kulinda Wanyama Wafugwao Nyumbani wa mwaka 1987 uliukataza kwa nchi zilizouridhia, isipokuwa kwa sababu za tiba au kwa manufaa ya mnyama mwenyewe. Uingereza huukataza kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006. Na jimbo la New York lilikuwa la kwanza Marekani kuupiga marufuku, mwaka 2019. Historia hii inawahusu wafugaji wa Afrika Mashariki kwa sababu huduma za wanyama wa nyumbani zinakua mijini, na ni bora mpaka huo uwekwe kabla desturi haijaota mizizi.

Paka wengi, wasiwasi na maradhi

Mikwaruzo inayoongezeka ghafla, bila ukuta wala fanicha kubadilika, ni dalili ya kuchunguzwa. Kuhama nyumba, kuzaliwa mtoto, kuja kwa mgeni au kwa paka mwingine huvuruga ramani ya harufu ambayo paka anaitegemea, naye huijenga upya kwa kuparura. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha wafugaji zaidi ya 1,200 nchini Ufaransa, uliona uhusiano kati ya kuparura kusikotakiwa na kuwapo kwa watoto nyumbani, wingi wa michezo na shughuli za usiku. Uhusiano huo hauthibitishi chanzo, lakini unaelekeza kwenye hatua zinazowezekana: vipindi vifupi vya mchezo wa kuwinda vinavyoishia kwa paka kukamata kitu na kulishwa, ratiba ya chakula isiyoyumba, na mahali pa juu ambapo watoto hawamfikii.

Penye paka zaidi ya mmoja, kila mmoja apate nguzo, chombo cha chakula, maji na beseni la mchanga vyake, na vitu hivyo vitenganishwe ili mmoja asiweze kuvilinda vyote. Miongozo iliyotolewa mwaka 2013 na vyama vya kimataifa vya tiba ya paka inaihesabu hali hii kuwa miongoni mwa nguzo tano za mazingira bora. Kinyume chake, paka mzee aliyeacha kuparura kabisa anahitaji daktari wa mifugo, kwani maumivu ya viungo yanaweza kuwa yamemzuia kujinyoosha. Na yule mzee aliyeanza kuhangaika usiku, huku akikonda ingawa anakula sana, apimwe tezi ya shingo.

Hitimisho

Mpangilio wa kazi unaotokana na uchambuzi huu ni mwepesi kuufuata: kusoma ukuta ili kujua paka anatafuta nini, kumwekea kitu hicho palepale kwa umbo linalomzidia mvuto, kuufanya ukuta uliobaki usishike ukucha, kumtuza kila anapochagua vizuri, na kumpeleka kwa tabibu mwenendo wake unapobadilika ghafla. Mafanikio yapimwe kwa kupungua kwa mikwaruzo mipya wiki hadi wiki, kwa kuwa paka ambaye hajaparura popote kwa muda mrefu aidha anaumwa au ameogopeshwa, na hali zote mbili ni hasara kwa mfugaji. Gharama ya nguzo ya katani ni ndogo kuliko ya debe moja la rangi, na subira inayohitajika ni ya wiki chache, lakini vyote viwili humtaka mfugaji akubali kwanza kwamba paka aliyemchukua ili amfukuzie panya na kumpa usuhuba amekuja na kucha zake, na kwamba kumtafutia pa kuzitumia ni sehemu ya kumfuga.